Kiraka Cheusi Ukutani

Walikutana langoni mwa stesheni kongwe iliyoungua, mafundi wakisukumana kugombea kofia ngumu. Ya mwisho ilishikwa na watu wawili: seremala mmoja aliyefiwa na mke, na mwanamke wa ovaroli ya buluu iliyopauka, kitambaa chekundu kichwani, masizi mpaka kwenye nyusi.

"Achia, baba. Kichwa chako kimeshakomaa, hakipasuki."

"Na chako je, bibie?"

"Changu bado kinafikiri."

Seremala akaachia, akacheka. Tangu amzike mkewe hakuwahi kucheka kabla ya chai.

Kazi ya mwanamke huyo ilikuwa kufuta masizi ukutani kwa sponji kavu, taratibu, kama anayemnawisha mtoto uso. Ya seremala, kuunga milango iliyoliwa na moto. Na moto ule usingefika huko kama wakubwa wangekuwa na masikio. Nyaya mbovu zililalamikiwa hadi watu wakachoka kulalamika. Pampu ya maji ilikuwepo, ila ufunguo ulifungiwa kwenye droo ya msimamizi mkuu, naye alikuwa safarini. Leo hao hao wanavaa tai na kupigwa picha mbele ya majivu.

Jioni moja, walipokwisha kuzoeana, seremala akampigia simu.

"Umelala?"

"Nimelala. Anayeongea ni mgongo wangu."

"Uambie nimeukumbuka."

"Mzee una maneno wewe! Mabega yananiua, mpenzi."

Neno hilo lilimponyoka kwa uchovu, lakini hakulirudisha.

Basi ndilo lililomponza seremala. Asubuhi aliwahi kazini, akaona katika ukumbi wa tiketi kiraka cheusi, kipana kama dirisha, kimebaki katikati ya ukuta mweupe. Maskini, nguvu zilimwishia hapa, akawaza. Akachukua sponji, akakifuta chote.

Msimamizi mkuu akapita, akampigapiga begani. "Safi sana! Yule mama tumembembeleza akifute, kichwa ngumu!"

Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni.

"Wamekutuma?"

"Hapana! Nilitaka kukupunguzia kazi."

"Kile sisi wafuta masizi tunakiacha makusudi. Popote tunaposafisha, kiraka kimoja kinabaki kama moto ulivyokiacha, watu waone kilichotokea. Hawa hawataki kionekane. Nimegombana nao peke yangu, halafu wewe…"

"Sikujua, mpenzi."

"Usiniite hivyo."

Kuanzia hapo kila akimpigia, simu ikawa inaita mpaka inakata. Seremala akala wali wake baridi, akalala na viatu.

Siku ya ukaguzi mafundi walikusanywa ukumbini. Msimamizi, suti imenyooka, akamwita seremala mbele. "Huyu ndiye mfano wa kuigwa. Tunampa usimamizi wa maseremala wote."

Watu wakapiga makofi. Seremala akajikuna shingo.

"Sitaki, mkubwa. Nilifuta kwa ujinga wangu, nikimhurumia mtu mabega. Nyie mnanipa cheo kwa sababu aibu yenu imeondoka ukutani. Hapo palikuwa peusi, na kila aliyeko humu anajua kwa nini."

"Unajua unaongea na nani?"

"Na mwenye droo."

Kicheko kikapasuka juu ya jukwaa la mbao la mafundi, kando ya ukuta, kikamezwa haraka. Msimamizi akanyoosha kidole langoni.

Seremala akabeba randa yake, akatoka. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu, uchovu wa kumfanya mtu akae kitako barabarani. Simu ikaita.

"Unakwenda wapi, mjinga wewe?"

Akageuka. Mwanamke alikuwa dirishani ghorofani, simu sikioni, kitambaa chekundu kimelegea.

"Nimefukuzwa. Hukusikia?"

"Nimesikia yote. Nimecheka mpaka wamenifukuza na mimi."

"Nisamehe."

"Kiraka hakirudi."

"Najua."

Akasikia pumzi yake, nzito.

"Nisubiri hapo nishuke. Ila sina nguvu za mapenzi ya kukimbizana, nakuambia mapema. Nimechoka."

"Na mimi nimechoka, bibie."

"Basi tuchokee nyumba moja."

Akaweka randa chini, akamsubiri.