Kisu cha Kwanza cha Vilja

Kila siku baada ya shule, Vilja Kemppi, msichana wa miaka kumi na miwili, aliegesha baiskeli nje ya karakana ya shangazi yake Aune, akavaa aproni ya ngozi na kuzoa majivu ya jana. Shangazi alikuwa mhunzi wa visu, kama baba yake, babu Tuure, kabla mapafu hayajamwangusha. Sasa babu alishinda dirishani, amekonda hadi sweta linampwaya. Daktari alikuwa amesema waziwazi kwamba majani ya mwaka huu hatayaona yakipukutika.

Mwezi wa tano shangazi alimruhusu Vilja afue kisu chake cha kwanza. Babu aliposikia, macho yalimng'aa.

"Basi mwaka huu matawi ya sauna nitayakata kwa kisu chako," alisema.

Kila sikukuu ya katikati ya kiangazi, babu ndiye aliyekata matawi mabichi ya mti wa mbetula na kuyafunga fungu la kujichapia mgongoni ndani ya sauna, chumba cha kuogea mvuke. Familia nzima ilijua kwamba hili ndilo litakuwa fungu lake la mwisho.

Shangazi aliweka vipande viwili vya chuma mezani. "Hiki cheusi kimetoka kwenye tupa kuukuu ambayo babu yako alisugulia vyuma. Usipokifuta kinashika kutu, lakini kinamvumilia anayejifunza. Hiki kinachong'aa hakishiki kutu, ila kinataka joto la kupimwa kwa mashine. Sisi tuna makaa na macho tu."

"Cheusi ni kibaya, shangazi! Nimpe babu kitu kama kimeokotwa jalalani?"

"Kibaya ni wewe na hayo masizi puani," shangazi alicheka. "Haya, fundi mkuu, chagua mwenyewe. Lakini ukishakipasha moto hadi kiwe chekundu na kukizamisha kwenye mafuta ili kikaze, kipitishie tupa. Ikiteleza, chuma kimekuwa kigumu. Ikikwaruza, bado ni laini, na tutaanza upya kwa hiki cheusi."

Vilja alichagua kinachong'aa. Alikifua kwa majuma matatu, mikono ikatoka malengelenge. Siku ya kukizamisha kwenye mafuta, shangazi alikuwa amempeleka babu hospitali. Vilja alipitisha tupa peke yake. Ikakwaruza. Alijaribu upande wa pili, nako ikakwaruza. Zilibaki siku mbili tu kufika sikukuu. Akaisugua ile mikwaruzo kwa msasa mpaka ikapotea.

"Tupa imesemaje?" shangazi aliuliza aliporudi.

"Imeteleza."

Siku ya sikukuu walimshika babu mkono hadi kwenye mibetula kando ya ziwa. Alikisifu kisu, akakigeuzageuza juani, kisha akakiweka kwenye kitawi. Kitawi kikapinda. Akakandamiza tena, ganda likachunika tu. Babu akayaangalia makali. Yalikuwa yamejikunja.

"Mjukuu wangu," aliuliza polepole, "tupa iliteleza?"

Vilja aligeukia ziwa. "Iliteleza, babu."

"Basi ni mkono wangu uliochoka."

Akakirudisha kisu kwenye ala yake ya ngozi, akaanza kuvunja matawi kwa vidole, moja moja, huku akikohoa. Vilja alisimama pale akiyapokea matawi. Angeweza kusema.

Baada ya majuma matatu babu alifariki. Hadi siku ile alikivaa kisu kile kiunoni. Kwenye kahawa ya msiba watu walimsifu Vilja kwa zawadi yake, na kila sifa ilimchoma. Kesho yake alikwenda karakana mapema.

"Shangazi, tupa haikuteleza. Nilidanganya. Na babu amekufa akidhani mkono wake ndio ulioshindwa!"

Shangazi aliweka nyundo chini. "Baba alifua visu miaka hamsini, Vilja. Unadhani hakujua? Aliniambia siku ile ile ya sikukuu. Nilitaka nikuite nikugombeze, akanikataza. 'Mwache aje mwenyewe,' alisema. 'Akija, mpe chuma cha tupa yangu.'" Sauti yake ikakatika. "Alikungoja. Kila ulipoingia chumbani kwake, alikuwa anakungoja."

Vilja alilia hadi akakosa pumzi, na shangazi alilia naye, uso ukajaa masizi.

Kisha waliwasha makaa. Kile chuma cheusi kilitulia chini ya nyundo, kikavumilia makosa yake mengi. Kilipotoka kwenye mafuta, Vilja alipitisha tupa mbele ya shangazi. Ikateleza. Akarudia mara tatu, ikateleza mara zote tatu.

Mwezi wa nane, mibetula ikiwa bado kijani, alikata matawi kwa kisu kile. Kila kitawi kilikatika mara moja. Alifunga fungu, akalitundika saunani kwenye msumari wa babu.

"Chuma ukikosea kukichagua, unafua kingine," shangazi alimwambia. "Ile siku ya ziwani hatuwezi kuirudia. Ukikosea tena, mwanangu, sema mapema, wakati yule unayepaswa kumwambia bado yupo akusikie."

"Nitasema, shangazi."

Vilja akakifuta kisu vizuri kisishike kutu, akakirudisha alani.