Aliyejibu kwenye Redio

Hivi wewe umewahi kusimamishwa getini na marehemu?

Binti wa mlinzi alisimamishwa. Tena jua halijazama vizuri. Hakwenda kutafuta maajabu. Mama yake alimtuma akachukue koti na viatu vya baba, vilivyobaki kazini tangu msiba. Digrii anayo, kazi hana, basi kila cha kutumwa ni yeye. "Wewe si huna ofisi?" mama alisema. Neno likamchoma, akalimeza.

Geti la ghala lilikuwa lilelile. Kibanda cha baba kimevunjwa. Mahali pake limesimama roboti: pipa la chuma lenye magurudumu, refu kama mtu, jicho lake taa moja nyekundu.

Likamgeukia. Taratibu...

"Karibu. Eleza shida yako."

Damu ikamganda. Sauti ya baba! Mpaka kile kikohozi chake cha kusafisha koo.

"Usiogope, dada." Msimamizi wa zamu alitoka ndani akicheka, kijiti mdomoni. "Ni akili bandia tu hiyo. Makao makuu waliilisha sauti ya mzee kutoka kwenye redio za walinzi. Wezi wa mtaa huu wanamwogopa. Si heshima hiyo?"

"Heshima? Mtu kazikwa, sauti mmeibakiza zamuni?"

"Una mdomo wewe! Ndiyo maana wasomi hamuajiriwi."

"Na nyie ndiyo maana mnaajiri mapipa."

Msimamizi akamtupia koti la baba. Binti akalidaka, hakuondoka.

"Daktari alisema baba alikata roho jioni. Mbona mlimkuta asubuhi?"

"Sasa sisi tungejuaje? Kila tukimwita redioni, anajibu. 'Lindo salama.' Usiku kucha, 'Lindo salama.'"



Kijiti kikamwanguka msimamizi. Ndiyo kwanza alikuwa amejisikia anachosema.

"Maiti ndiyo iliyokuwa inajibu?" binti alinong'ona.

"Dada... sorry. Makao makuu walikuwa wanafanya testing. Siku ile redio zote zilipitia kwenye mtambo wa hii akili bandia. Sisi huku hatukuambiwa. Wallahi hatukuambiwa!"

Kumbe! Mzee kalala sakafuni anaomba msaada, na mashine imekaa katikati, inawajibu wenzake kwa koo lake mwenyewe kwamba mambo shwari. Halafu watu wakaja matangani na nyuso za huzuni, wakala, wakaondoka.

Taa nyekundu ikazimika.

Ikaja harufu. Dawa ya kuchua, ile kali ya kupenya puani, aliyokuwa akijipaka baba kifuani kabla ya kwenda lindo...

"Profesa..."

Binti akashika ukuta. Hilo jina la utani baba alimwita nyumbani tu. Redioni halikuwahi kupita.

"Profesa... kifua... nawaita... hawaji..."

Msimamizi alirukia pipa, akafungua mgongo wake, akachomoa betri.

"Nawaita..."

"Betri hii hapa," alinong'ona. "Betri ninayo mimi! Sasa nani anaongea?"

Hakungoja kujibiwa. Alitimua mbio, kiatu chake kimoja akakiacha kwenye changarawe.

Binti hakukimbia. Hofu ilimpanda mpaka kooni, ikafika pale ikageuka nyongo. Akainua uso kwenye kamera iliyo juu ya geti, ile ambayo wakubwa hutazamia dunia wakiwa wamekaa kwenye kiyoyozi.

"Nyie wa makao makuu, najua mnaniona! Rambirambi zenu sizitaki, wala msinitumie wakili wa kuja kuniita mwendawazimu. Shukeni huko juu. Njooni kwa miguu yenu, mje na yule aliyebonyeza kitufe cha hiyo testing, msimame hapa mlipomwacha afe."

Nyuma yake ile sauti ilikohoa, ikaanza tena.

"Mnamsikia? Baba yangu anawaita. Mjibuni!"