Dagaa wa Watu na Dagaa wa Kuku

Likizo ilipofika, Jovia hakuwa na muda wa kulala mpaka jua limchome. Kila alfajiri alinawa uso, akajitwika beseni na kuteremka ufukweni mwa ziwa hapo Majanji pamoja na nyanya yake, Peninah. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa ikirudi saa hizo, taa za sola bado zinawaka, na kina mama wamejipanga wakipiga soga. Hao ni dagaa wale wale ambao mjini Busia, upande wa Uganda, utasikia wakiitwa mukene, na ukivuka tu mpaka wanageuka omena. Wewe waite utakavyo, ilmradi usiwaunguze.

Sasa, Majanji kuna sheria isiyoandikwa popote, na kila mtoto anaijua kabla hajajua kuhesabu. Dagaa wa kuku huanikwa mchangani. Dagaa wa watu huanikwa kichanjani, yaani kwenye wavu uliotandazwa juu ya nguzo. Mchangani hukauka upesi, kwa sababu joto liko chini na joto liko juu, ila mchanga huwaingia mpaka kwenye matamvua na hautoki hata ukisali. Kichanjani ni kazi ya subira. Unawatandaza tabaka moja jembamba, unawageuza, na unafukuza yangeyange mpaka jioni.

Kwa kazi hiyo Nyanya Peninah alikuwa na jina. Miaka arobaini alikuwa akikausha dagaa, na hakuna mtu aliyewahi kutafuna mchanga kwenye sahani yake. Kwa hiyo kina mama wa kanisa walipojiandaa kuwapokea wanakwaya kutoka Busia ya ng'ambo ya mpaka, walibishana juu ya kila kitu, nani apike kuku, nani asonge ugali wa wimbi, nani alete kunde. Dagaa peke yao hawakubishaniwa. Wageni wangekuja Jumapili, na dagaa wangetoka kwa Peninah.

Siku ya Jumanne simu ikalia kutoka Merikit. Shangazi yake Jovia alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na nyanya akaanza kufunga mzigo siku hiyo hiyo. Asubuhi ya Jumatano, kabla ya kupanda bodaboda, alimpa Jovia maagizo. Beseni la kwanza la dagaa angelichukua ufukweni na kulianika siku hiyo, la pili kesho yake, kwa sababu kichanja chao hakikuweza kubeba yote kwa mara moja. Usiku angelala jirani, kwa kina Amongin, rafiki yake.

"Mjukuu wangu," alisema akiwa tayari amekaa kwenye pikipiki, "usiwarundike, na usiwaache peke yao. Mimi nitarudi Jumamosi. Jina langu nakuachia wewe."

Jumatano Jovia alifanya kazi mpaka ungemwonea fahari. Aligeuza, alifukuza ndege, alikula muhogo wake wa mchana akiwa amesimama. Jioni dagaa walikuwa wakavu, wanang'aa, na akawahifadhi kwenye kikapu kikubwa akijisifu kimoyomoyo.

Alhamisi ndiyo iliyomponza. Mchana wa siku hiyo wasichana wa Majanji walikuwa wacheze netiboli na wasichana wa kijiji cha pili, na Jovia ndiye aliyekuwa mfungaji wao. Alitazama beseni la pili, akatazama kichanja, akatazama jua. Kichanjani kazi isingeisha kabla ya saa kumi na moja. Nyuma ya nyumba, mchanga ulikuwa umeshaanza kuwa wa moto. Akajiambia kwamba ni siku moja tu, na ni beseni moja tu. Akawamwaga dagaa mchangani, akawafunika kwa wavu mkuukuu ili ndege wasiwaguse, akakimbilia uwanjani.

Walishinda mabao kumi na nane kwa kumi na moja, na Jovia alibebwa juu juu. Aliporudi dagaa walikuwa wakavu kau. Aliwapepeta kwa ungo mpaka mikono ikamuuma, na kwa macho walionekana safi kabisa. Alichukua konzi moja akampelekea mama yake Amongin, aliyewakaanga kwa kitunguu.

Amongin alitia wa kwanza mdomoni, akatafuna, akasita. Akatafuna tena polepole. Mama yake alikuwa jikoni, hakuona kitu. Amongin akatwaa sahani yote, akamshika Jovia mkono, akamtoa nje.

"Uliwaanika mchangani?"

"Kidogo tu."

"Basi ni mchanga kidogo tu uliotaka kuning'oa jino," alisema Amongin, na wala hakuwa anacheka.

Wakati huo huo nyanya akapiga kwenye simu ya mama yake Amongin. Sauti yake ilikuwa imejaa furaha. Mtoto alikuwa mnene, ana nywele tele, na amepewa jina la Peninah. Halafu akauliza habari za dagaa. Jovia alisema wote wamekauka vizuri. Nyanya akamshukuru, akasema amewaambia watu wote wa Merikit kwamba ameacha kazi kwenye mikono salama. Jovia alirudisha simu kwa mama Amongin, na chakula kikamshinda.

Alfajiri ya Ijumaa alikwenda nyumbani peke yake na wazo baya kichwani. Aliwatoa dagaa wote wa kikapuni. Akatia chini wale wa mchangani, akawatandaza juu wale wa kichanjani. Kikapu kikajaa kikapendeza. Hata mchuuzi mwenye macho ya kipanga asingegundua lolote.

Saa moja hivi Mama Edgar akaingia uani. Huyu alikuwa mwenyekiti wa kina mama, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, na siku hiyo alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kukagua vitu vya Jumapili. Alifunua kikapu, akachukua dagaa mmoja wa juu, akamvunja kichwa, akatafuna akiwa amefumba macho.

"Hawa ndio dagaa wa Peninah," alisema. "Na wewe umemrithi, mwanangu. Wageni wetu wataondoka hapa wakiimba sifa zenu."

Jamani, sifa tamu kama hiyo Jovia hajawahi kupewa, na wala haijawahi kumchoma kiasi hicho. Akilini alimwona nyanya yake Jumapili, amevaa gomesi yake nzuri, anawapakulia wageni huku akitabasamu, na wageni wanatema. Miaka arobaini ingepotea kwenye sahani moja. Mama Edgar alikuwa ameshaanza kukiinua kikapu.

"Mama, usikibebe," Jovia alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Wa juu ni wa kichanjani. Wa chini niliwaanika mchangani ili niende nikacheze mpira. Halafu nikawaficha."

Mama Edgar alikiweka kikapu chini. Aliingiza mkono mpaka chini kabisa, akatoa dagaa mmoja, akamtafuna, na kelele za mchanga Jovia akazisikia kutoka pale aliposimama. Yule mama alitema pembeni, akajifuta mdomo kwa pembe ya leso. Jovia alikuwa analia.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza yule mama. Jovia akajibu kwamba ni Amongin peke yake. "Na nyanya yako?"

"Nilimdanganya kwa simu."

"Hilo utalitengeneza wewe mwenyewe, mimi sitakusaidia," alisema Mama Edgar. "Dagaa nitakusaidia. Futa machozi, mitumbwi bado iko ufukweni."

Walimkuta mzee Omaido, mvuvi wa dagaa, anakunja nyavu zake. Mama Edgar alimweleza kwa kifupi bila kupunguza kitu, na Jovia akatamani ardhi impasukie. Mzee Omaido alimtazama mtoto, akatikisa kichwa, kisha akajaza beseni akisema kwamba hao ni mchango wake kwa wageni wa Jumapili, asiambiwe asante.

Kilichofuata Jovia hakukitarajia. Siku hiyo kwaya ya kina mama ilikuwa ifanye mazoezi kanisani. Mama Edgar akapeleka ujumbe kwamba mazoezi yamehamia kwenye kichanja cha Peninah. Wakaja wote, na watoto wao mgongoni, na Amongin naye akaja na fimbo ndefu ya kufukuzia ndege. Walitandaza wakiimba. Waligeuza wakiimba. Aliyekosea sauti ya pili alihukumiwa kuokota vichwa vya dagaa vilivyoanguka chini, na mama mmoja alikosea mara nne, wakasema anazitaka mboga za bure. Walimtania Jovia vile vile. Walimwita mfungaji, wakamuuliza kama ule mchanga aliuhesabu kama bao la kumi na tisa. Alicheka huku uso ukimwaka. Jua lilipolala dagaa walikuwa wakavu, safi, na kina mama walikuwa wameimba nyimbo zao zote mara tatu. Wale wa mchangani walikwenda kwa kuku wa Mama Edgar, ambao hawakulalamika.

Jumamosi nyanya alirudi na ndizi za Merikit na picha kumi za mtoto kwenye simu. Jovia alimngoja amalize chai, akapiga magoti, akamwambia yote, kuanzia mpira hadi simu. Nyanya Peninah alizima simu yake. Alikasirika, na hakuficha. Alisema mchanga umemuudhi, lakini kudanganywa usiku ule akiwa na kichanga mkononi kumemuumiza. Jovia aliomba msamaha. Kisha nyanya akamwambia alete ule ungo wachambue dagaa pamoja, na Jovia akajua kwamba atamsamehe siku si nyingi.

Jumapili wageni wakafika kwa vigelegele. Waliimba mpaka paa la mabati likatetemeka, kisha wakakaa chini ya turubai kula. Kiongozi wao, Mama Nabwire, alikuwa mama mtu mzima aliyeonja kila kitu kana kwamba anasahihisha mtihani. Alikula dagaa wa kwanza, wa pili, wa tano. Akauliza kwa sauti ni nani aliyewakausha, maana alikuwa hajala wasafi namna hiyo tangu mwaka uanze.

Watu wote wakamwangalia Nyanya Peninah. Jovia, aliyekuwa amebeba sufuria ya dagaa, akainamisha kichwa.

"Sifa hizo si zangu," nyanya alisema. "Mimi nilikuwa Merikit nabeba mjukuu. Huyu hapa, Jovia, ndiye niliyemwachia kazi, akaiharibu, akawaanika mchangani. Kikapu kilikuwa kimefungwa, kinapendeza, na hakuna aliyemshuku. Akasema mwenyewe. Ndipo kina mama hawa wote wakaja kumsaidia."

Watu walicheka, na wengine wakapiga makofi. Nyanya akamgeukia mjukuu wake, na sauti yake ikashuka.

"Dagaa wakiingia mchanga, tunawapa kuku, na kesho mitumbwi inaleta wengine. Lakini neno lako likiingia mchanga, mjukuu wangu, hakuna kuku wa kulila na hakuna mtumbwi wa kukuletea jingine. Kwa hiyo ukikosea, sema mapema, watu wangali wanaweza kukusaidia."

Mama Nabwire alikuwa amesikiliza yote. Kina mama watatu walikuwa wamesimama karibu naye, kila mmoja na mwiko wake, tayari kumpakulia. Akawapita wote kwa macho, akanyoosha sahani yake kwa Jovia.

"Niongezee wewe," alisema, "nikila wa kwako sitakuwa na haja ya kuwachambua."