Mashine Iliyoitwa Vyombo vya Nyumbani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Loveth alikagua banda la kuku kwa heshima zote za mkaguzi wa elimu. Alibisha mlango, ingawa hakuna kuku aliyewahi kumkaribisha. Aliokota mayai, akaandika tarehe kwa penseli kwenye kila ganda, kisha akapeleka ripoti jikoni.

"Shikamoo, mama. Leo ni kumi na manne. Yule mweusi amegoma kutoka."

"Marahaba. Hajagoma. Anataka kuatamia."

"Wote wanataka kuatamia."

"Ndiyo shida yetu hiyo," alisema mama, akimimina chai.

Waliishi Magomeni, mjini Kilosa. Baba alifanya kazi ya reli mkoa mwingine na alirudi nyumbani mara chache. Mama Loveth aliuza mayai na vifaranga wa kienyeji, na wateja wake wengi walitoka Mikumi. Lakini kuku anayeatamia huacha kutaga, na anayetaga haatamii. Kwa hiyo mama aliuza cherehani yake, iliyomsomesha Loveth kwa miaka mingi, akaagiza nje ya nchi mashine ya kutotolesha vifaranga. Mashine ikifika, biashara itakua. Isipofika, hakutakuwa na cherehani wala vifaranga.

Maagizo yalifanyika kwa simu. Loveth alikuwa darasa la saba na Kiingereza chake kilikuwa na afya kuliko cha wengine pale nyumbani, kwa hiyo aliteuliwa kuwa katibu wa mawasiliano. Aliupokea wadhifa huo kwa uzito unaostahili, hata akaanza kukaa kwenye kiti cha baba.

Siku moja, mama akiwa sokoni, muuzaji aliuliza swali: kwenye nyaraka za mzigo aandike ni bidhaa gani, na ya thamani gani?

Loveth alitafakari. Akamkumbuka bibi yake, Bibi Monica wa Lumuma. Likizo iliyopita walikuwa wameshuka pamoja kuja Kilosa na magunia sita ya vitunguu. Kwenye geti la ushuru wa mazao, bibi alimtazama ofisa usoni, akasema kwa sauti ya kuchoka, "Vitunguu vya kula nyumbani, mwanangu." Ofisa akainua kamba, wakapita. Nyumba inayokula magunia sita ya vitunguu ingejulikana kwa harufu hata na abiria wa treni, lakini hakuna aliyeuliza. Loveth aliliona jambo lile kuwa elimu ya juu.

Akamjibu muuzaji: "Andika ni vyombo vya nyumbani. Thamani, andika nusu."

Hakumwambia mama. Alitaka liwe jambo la kumfurahisha baadaye.

Wiki zikapita. Wakala wa forodha, yaani mtu anayeshughulikia kutoa mizigo bandarini kwa niaba ya wenye mali, alipiga simu kutoka Dar es Salaam kusema meli imefika. Mama akaacha kuuza mayai, akaanza kuyapanga kwenye trei. Bibi Monica naye akatuma mengine kutoka Lumuma, yamelazwa kwenye pumba. Chumba cha Loveth kikageuka ghala la mayai, naye akalala kwa nidhamu, bila kujigeuza ovyo.

Kisha wakala akapiga tena. Mama aliweka simu kwenye spika.

"Mama, mzigo wako umeshikiliwa. Nyaraka zinasema vyombo vya nyumbani. Boksi limefunguliwa, kuna mashine ya vifaranga. Forodha wanataka maelezo ya mwenye mali."

"Vyombo vya nyumbani? Mimi sijaagiza sufuria."

"Ndivyo ilivyoandikwa. Halafu ghala linahesabu siku, mama. Na gharama za kutoa mzigo hujanitumia bado."

"Gharama gani tena? Si nimelipa mashine na nauli ya meli?"

Wakala alivuta pumzi. "Hizo ni za kuufikisha bandarini. Kuutoa bandarini ni hesabu nyingine. Usipotolewa kwa wakati, mama, mzigo hupigwa mnada."

Mama alikata simu, akakaa juu ya gunia la pumba. "Nimetapeliwa," alisema polepole. "Cherehani yangu imekwenda hivihivi."

Loveth alikwenda kuangalia mayai, ambayo hayakuwa yamemwita.

Yai la kutotolesha halisubiri sana. Likikaa zaidi ya wiki na siku chache, linakuwa la kukaanga tu. Kwa hiyo wakaanza kuyakaanga. Walikula mayai asubuhi, mayai mchana, na jioni mayai yalirudi na nyanya. Goodhope, jirani aliyesoma naye darasa moja, hakuona sababu ya kunyamaza.

"Loveth, ukicheka unasikika kama mtetea."

"Na wewe ukisoma unasikika kama jogoo aliyekosea saa."

Lakini Loveth hakucheka. Kila trei iliyokwenda jikoni ilimpita mlangoni.

Jumamosi mama alimchukua wakapanda basi kwenda Mikumi. Shangazi Tumwagile, dada wa baba, alikuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na sasa alikuwa likizo nyumbani kwake, nyuma ya maduka ya barabara kuu. Waliwasili na trei ya mayai. Shangazi alishukuru, akawapa chai, akachukua simu ya mama aone nyaraka alizotuma wakala.

"Wifi, nani alimwambia muuzaji aandike hivi?"

"Hao matapeli wenyewe."

Shangazi aliendelea kusoma. Loveth alitazama chai yake mpaka ikapoa. Angeweza kunyamaza, na muuzaji wa mbali angebeba lawama yote bila kujua. Lakini mama alikuwa ameanza kufuta macho kwa ncha ya kanga.

"Ni mimi," alisema Loveth. "Aliuliza, nikamwambia aandike vyombo vya nyumbani na nusu bei. Nilitaka ushuru upungue. Bibi alisema hivyo kwenye geti la vitunguu, akapita."

Mama alimtazama kama mtu aliyemkuta kuku wake akitaga jiwe.

"Ukaniacha nikiwaita watu matapeli?"

"Nisamehe, mama."

Shangazi aliweka simu mezani. "Loveth, mashine ya vifaranga ni mashine ya ufugaji. Kwa viwango vya sasa haitozwi ushuru wa forodha. Vyombo vya nyumbani ndivyo vinavyotozwa, tena sana."

"Haitozwi kabisa?"

"Kabisa. Umetoka kwenye mlango ulio wazi, ukaenda kuruka ukuta. Na ile nusu bei imeongeza faini."

Loveth aliomba chai nyingine, si kwa kiu, bali apate kitu cha kushika.

"Na wewe, wifi," shangazi aliendelea, "hata mtoto asingekosea, ungekwama. Hukuuliza bei ya kufikisha mzigo mlangoni. Kitunguu cha Lumuma kikiuzwa hapa Mikumi, kina bei ileile ya shambani?"

"Hapana. Kuna gunia, kuna wapakiaji, kuna gari."

"Basi. Mzigo wa nje ni hivyohivyo. Forodha wanachukua bei ya kununulia, wanajumlisha nauli ya meli na bima. Kama bidhaa inatozwa ushuru, asilimia inapigwa kwenye jumla hiyo, si kwenye bei ya dukani peke yake. Halafu kuna kodi nyingine kwa bidhaa zinazotozwa, gharama za bandari, malipo ya wakala, na usafiri hadi Kilosa. Ukiuliza yote kabla ya kuagiza, hakuna kinachokushtua."

"Sasa tufanye nini?" mama aliuliza.

"Tuseme ukweli, mapema. Loveth ataandika maelezo, atamwomba muuzaji ankara ya bei halisi. Wewe tafuta risiti ya benki, usaini. Faini na ghala mtalipa."

Loveth aliandika palepale. Lilikuwa andiko fupi kuliko insha zake zote, na gumu kuliko zote.

Malipo yalimeza fedha ambazo mama alikuwa ameziweka kwa betri ya sola, ya kuendesha mashine umeme ukikatika. Lakini mashine ilitolewa, ikafika Kilosa. Bibi Monica akatuma mayai mapya. Kwa kuwa betri haikuwepo, kila umeme ulipokatika Loveth alichemsha maji, akajaza chupa, akazipanga ndani ya mashine ili mayai yasipoe. Umeme nao ulipenda kukatika wakati wenzake wanacheza mpira. Goodhope aliwahi kumwona na chupa zake, akafungua mdomo kutania, kisha akamsaidia kubeba birika.

Vifaranga walitoka siku ya Alhamisi, wakipiga kelele kama darasa lisilo na mwalimu. Mama alisimama akiwatazama, mkono begani kwa Loveth.

Likizo iliyofuata, mama, Loveth na Bibi Monica walishuka kutoka Lumuma na magunia sita. Getini ofisa yuleyule alisogea. Bibi alitengeneza uso wake wa kuchoka.

"Vitunguu vya kula..."

"Gunia moja la kula, bibi," alisema Loveth. "Matano ya kuuza."

Bibi alimgeukia kama aliyeng'atwa na siafu. Ofisa alichungulia nyuma ya gari, akainua kamba.

"Mzigo mdogo huu hautozwi. Piteni."

Gari liliondoka. Kwenye kona ya kwanza bibi aligeuka nyuma kulitazama geti.

"Kumbe miaka yote hii nilikuwa nadanganya bure?"

"Bure, mama," alijibu mama Loveth. "Uongo wenyewe tu ndio ulikuwa na gharama. Loveth ameilipa kwa ajili yetu sote. Mwanangu, kabla ya kukwepa ushuru, uliza kwanza kama unadaiwa. Ukidaiwa, lipa. Usipodaiwa, pita umeinua kichwa."