Miche ya Borobabu

Jumapili moja ya mwezi wa sita, mvua ikiwa imekatika kidogo kuvuta pumzi, Dipten Samaddar alirudi nyuma hatua moja kumpisha mtu aliyebeba vizimba vya kasuku, akakalia beseni. Beseni lilijaa maji, maji yalijaa mimea, na mimea ilikuwa na mwenyewe.

"Ukimaliza kuoga, kaka," mwenyewe akasema, "utaniambia unataka mche gani."

Ndivyo yalivyoanza, pale Mtaa wa Galiff, kwenye gulio la wanyama la Kolkata ambako njiwa hupiga kelele hadi mtu asahau jina lake. Msichana aliitwa Kuheli. Alivaa shalwari ya manjano iliyokunjwa hadi magotini, ndara za plastiki, na nywele amezibana juu kwa kalamu ya risasi. Dipten, mwenye miaka thelathini na mitatu, muuza dawa za homeopathi, mtu aliyezoea kuyapima maisha kwa matone, alisahau kusimama.

Shida iliyomleta ilikuwa ya kweli. Nyumbani walikuwa na samaki mmoja tu, oska mweusi mwenye mabaka ya machungwa, mkubwa kama sahani ya wali, aitwaye Borobabu, yaani bosi. Marehemu baba yake alimnunua mwaka aliostaafu, na tangu mzee afariki mama alikuwa akimsomea samaki huyo gazeti kila asubuhi. Borobabu alikuwa mkorofi. Alikwisha kula wenzake wanne, akameza kipimajoto, na majirani wanaapa kuwa aliwahi kumtemea msoma mita kokoto akamlenga kwenye miwani. Lakini siku hizi alikuwa akijigonga mdomo kwenye kioo cha tangi lisilo na mmea hadi ukachubuka, na mama alishindwa hata kumaliza ukurasa wa matangazo ya vifo. Watu wakasema wampandie mimea, apate pa kujificha, atatulia.

Angelisema hivyo tu. Lakini mteja aliyemtangulia alikuwa ametaja oska, na Kuheli akamfukuza mbele za watu, akamwambia miche yake si kachumbari. Kwa hiyo Dipten alipoulizwa ana samaki gani, alijibu, "Wadogo wadogo. Wapole."

Akapewa miche laini yenye majani kama nyuzi za hariri. Borobabu aliing'oa yote kabla ya chai ya saa kumi.

Jumapili iliyofuata Dipten alirudi kuomba mingine, na iliyofuata, na iliyofuata. Kuheli alihangaika naye, akamuuliza habari za mwanga, za maji, za mchanga. Walikunywa chai ya vikombe vya udongo wamechuchumaa kando ya mabeseni. Kuheli akaanza kumpigia simu mchana, saa ya maduka kufungwa, na Dipten akiwa nyuma ya kaunta yake, katikati ya vichupa mia tatu, alimweleza jinsi majani yanavyorefuka.

"Wanangu hawajambo?" Kuheli alikuwa akiuliza.

"Wanakusalimu. Mmoja anakaribia dari."

"Muongo wewe."

"Basi dirisha."

Alicheka kicheko kilichomfanya Dipten akosee kuhesabu matone ya mzee mwenye ugonjwa wa jongo, na mzee akapona. Hadi leo mzee huyo hataki dozi nyingine. Siku moja Kuheli alinong'ona kwamba kuna watu wa mji wa Bardhaman wanataka kuja kumposa, siku ya sherehe ya Rath, kwa ajili ya kijana wao mhasibu. Alitaka kumkatalia baba yake. "Ila nitumie kwanza picha ya tangi lako," akasema kwa aibu. "Nataka baba aone mikono uliyonayo."

Dipten hakuwa na jani hata moja la kupiga picha. Akavuka barabara hadi duka la vitamu vya maziwa lenye tangi zuri dirishani, akalipiga picha, akaituma.

Simu ililia papo hapo.

"Hilo tangi nililipanda mimi," Kuheli alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Na baba yangu. Lile jiwe la kushoto alilibeba yeye begani. Sasa niambie, miche yangu iko wapi?"

Dipten akaeleza kila kitu, oska, mdomo, kachumbari.

"Miche kumi na minane," Kuheli akasema. "Kila mmoja nimeulea miezi minne. Umeiua ili upate kuniangalia? Ungeniangalia bure, Dipten." Kisha akasema watu wa Bardhaman waje, chai yao ataipika yeye mwenyewe. Akakata.

Hakupokea tena. Dipten alijaribu kujitegemea, akanunua kwingine mmea wa majani magumu, akauzika mizizi na shina ndani ya mchanga, ukaoza. Mama yake alipopata habari hakumkemea. Alisema tu kwamba mtu aliyedanganywa habari za samaki apelekewe samaki.

Siku ya Rath ilifika. Bengali nzima siku hiyo hutoka kuvuta gari la mungu, kula jilipi, vile vitamu vya kukaanga, na kurudi nyumbani na mche mkononi. Dipten peke yake alikuwa na sufuria ya pilau, kifuniko kimefungwa kwa taulo la marehemu baba yake, na ndani yake bosi. Walivuka mto kwa kivuko, kisha bajaji ya umeme hadi Dasnagar, nyumbani kwa akina Kuheli, na njia nzima Borobabu alipiga kifuniko kama polisi mlangoni.

Wageni walikuwa wamekwisha kaa. Mjomba wa kijana mhasibu, mtu mnene mchangamfu, aliiona sufuria ikiingia, na kama Mbengali yeyote angewaza, akawaza chakula cha mchana.

"Huyu wa kupikwa kwa haradali?" akauliza, akafunua kifuniko na kuingiza kidole apime unono.

Ukelele wa mjomba ulisikika, wanasema, hadi kwenye gari la mungu.

Kuheli alitokea na sinia la chai, sari nyeupe yenye ukingo mwekundu, jasmini nywelini. Alimwona Dipten, kisha akaona ndani ya sufuria: mdomo umechubuka, mashavu yakipumua haraka haraka.

"Nimekuletea yule niliyekuficha," Dipten akasema. "Sikuja kuharibu shughuli. Msaidie yeye tu, nitaondoka."

Kuheli akaweka sinia chini. Chai ilipoa pale pale, kwa kuwa alikwisha kunja sari na kumbeba bosi hadi kwenye birika la saruji uani. Wageni walisubiri, wakala vitamu vyote, kisha mjomba akaondoka na kidole chake. Haradhan, babake Kuheli, aliwaomba radhi hadi njia kuu, kisha akarudi uani. Alimkuta bintiye amekaa ukingoni, miguu majini, akimtazama oska akizunguka.

"Yule mteja wa kwanza mwenye oska nilimfukuza," Kuheli akamwambia Dipten bila kugeuka. "Kumbe ningemuuliza tu. Ipo miche ya hawa."

Jumapili iliyofuata Kuheli hakwenda gulioni. Alikuja na baba yake nyumbani kwa akina Samaddar. Alileta anubia, mmea wa majani mazito kama ngozi na machungu hata kwa bosi, akayafunga kwa uzi juu ya mawe makubwa, shina likiwa nje ya mchanga. Kangaga la Java akalifunga kwenye gogo. Majani ya utepe akayatia ndani ya vyungu na kuyakandamiza kwa mawe, na juu ya maji akatupa magugu ya kuelea yaotayo upesi kuliko bosi anavyoweza kuyararua.

Borobabu alivuta anubia. Akavuta tena. Akasogea nyuma, akamtazama Kuheli kwa chuki kubwa, kisha akaingia chini ya jani na kutulia. Mama akafungua gazeti, akafika ukurasa wa vifo, akaumaliza. Akamshika Kuheli mkono wenye tope, akasema, "Mwanangu, asante," na Haradhan akaomba kuonyeshwa nyumba, chumba hadi chumba, kama baba wa bibi harusi.

Dipten na Kuheli walibaki mbele ya kioo.

"Asante kwa kunikasirikia," Dipten akasema. "Ungeninyamazia, ningekuwa bado nakudanganya."

"Usishukuru mapema." Alifuta mikono kwenye shati jeupe la Dipten, upande wa mbele, taratibu. "Ukinioa, nitakukasirikia kila siku."

"Kila siku?"

"Isipokuwa Jumapili. Jumapili nina kazi."

"Basi Jumatatu," Dipten akasema, "unikasirikie mapema."