Kitufe cha Kumtafuta Bijou

Walikutana kwa ugomvi. Ilikuwa mwaka 2017, kwenye kibanda cha kuchajia simu karibu na bandari ya Kalemie, watu wakisukumana na jenereta ikinguruma. Souleymane alichomoa waya wa kompyuta isiyo yake ili achomeke yake.

"Weye, kaka, nani alikutuma?" Mwanamisi aligeuka. Alivaa kitenge cha manjano na ushungi mweusi, macho yanawaka. "Kazi ya saa nzima imepotea."

"Unisamehe, dada. Kazi gani?"

"Ya kutafutia watu watoto wao."

Souleymane alimpenda palepale, na baada ya miezi miwili walikuwa wakiitana mupenzi na sheri. Mwanamisi alikuwa akitengeneza kwa Java, lugha ya kuandikia programu, rejista ya familia zilizokimbia vita vya Nyunzu. Souleymane alitunza seva, kompyuta kuu ya ofisi ya misaada, ambamo rejista ingewekwa. Siku moja alizitazama kurasa za Mwanamisi, akacheka.

"Sheri, viungo vyako vyote vya kufungulia kurasa vinaanzia kwenye mzizi wa seva, mwanzo kabisa wa anwani. Siku programu ikihamia pengine, vitakatika."

"Kwangu vinafanya kazi," alijibu Mwanamisi. Kicheko kile kilimuuma, na onyo lenyewe hakulisikia.

Jumatatu rejista ilifunguliwa ofisini. Ukurasa wa kwanza ulikuja bila rangi, na kila kitufe kilikuwa kimekufa. Mama Henriette, aliyetoka Nyunzu kwa miguu na kupotezana njiani na bintiye Bijou, alikuwa amesimama dirishani tangu asubuhi. Karani akamwambia rejista haifanyi kazi.

"Basi narudia Nyunzu, nimutafute mwenyewe," alisema mama. "Kamyo inaondoka saa nane."

Nyunzu walikuwa bado wanachomeana nyumba. Mwanamisi, aliyekuwa palepale ofisini, alipiga simu.

"Souleymane, umeifanya nini programu yangu?"

"Nimeiweka chini ya jina, /rejista. Seva ile iko na programu ya chakula pia. Zote mbili haziwezi kukaa kwenye mzizi."

"Na haukuniambia?"

"Nilikuambia viungo vitakatika."

"Ulinicheka. Muntu akinicheka, nitasikia nini?"

"Kiburi chako ndiyo kimeua kazi, Mwanamisi."

Mwanamisi akamkatia simu. Mimi ninayesimulia nasema wazi: wote wawili walikosa, na aliyeumia ni mama mwenye kifurushi kichwani. Nikikumbuka nakasirika mpaka leo.

Saa saba Souleymane aliingia akikimbia, shati limelowa jasho, akavuta kiti karibu na Mwanamisi. Kila kiungo kiliandikwa kama /tafuta, bila /rejista mbele yake, kwa hiyo kilikwenda kwenye mzizi wa seva, ambako hakuna kitu. Ilibidi programu yenyewe iiulize seva jina ililopewa ni lipi, kisha itangulize jina hilo. Mwanamisi aliandika swali hilo, getContextPath, mahali pamoja tu, wakagawana kurasa thelathini na moja ili kila kiungo kichukue jibu lake hapo.

Dakika tano kabla ya saa nane kitufe cha kutafuta kikafanya kazi, wakaandika jina la Bijou. Bijou, miaka tisa, alikuwa ameandikishwa Moba, mji ulio kando ya ziwa, na namba ya simu ilikuwepo.

Walimkuta mama amekwishapanda juu ya magunia kwenye lori.

"Mama, shuka. Mutoto iko Moba," Mwanamisi alimwita.

"Munasema tu," alijibu, wala hakusogea. Dereva alikuwa tayari amewasha injini.

Souleymane alipiga namba ile, akaomba mtoto aitwe, akamnyooshea mama simu. Sauti nyembamba ikasema, "Mama?" Mama Henriette alizungumza kwa muda mrefu huku akilia. Kisha akashuka, akarudisha simu, akamzaba Souleymane kofi.

"Tangu asubuhi muliniacha hapo dirishani," alisema, akageukia Mwanamisi. "Weye pia."

Walimtazama akielekea bandarini kuulizia boti ya Moba.

"Ulisema, nikakataa kusikia," Mwanamisi alisema.

"Nami nilihamisha bila kukuambia." Souleymane alishika shavu lake. "Nitume wazee kwenu Ijumaa waje kukuposa?"

"Nimekasirika bado."

"Na mimi."

"Basi watume."