Jibu la Mama Mikate

"Usishindane nayo," kinyozi alimwambia. "Legeza shingo tu. Maji haya hayamzamishi mtu."

Mama Mikate akalegeza shingo, miguu ikapanda yenyewe. Maji ya ziwa yalikuwa ya moto, yenye chumvi kali. Alama za tanuri mikononi zikamwasha kidogo, kisha zikatulia. Mvuke ulitanda mpaka ng'ambo haionekani. Tangu afiwe, miaka minne sasa, hajawahi kulala chali mchana bila mtu kumuuliza kama mkate umeiva.

"Nikisinzia utaniamsha?"

"Nitakuacha uote."

"Niote nini kwa umri huu?"

"Sijui. Mimi nilishaota yangu, na wewe umo."

Akatabasamu, macho kafumba. Kinyozi huyu ndiye aliyekuwa akija nyumbani kumnyoa mumewe alipokuwa hoi kitandani, kila Jumatatu, mwaka mzima. Baada ya mazishi alifunga kibanda chake, akahamia mtaa wa mbali, akapotea miaka mitatu. Mwaka huu akaibuka dukani kwa Mama Mikate, akanunua mkate mmoja. Kesho yake akarudi. Mwezi uliopita akamwomba wafunge ndoa. Leo ndiyo siku aliyoahidiwa jibu.

"Nikuulize, na usinifiche," Mama Mikate alisema. "Ulianza kunipenda lini?"

Kinyozi aliyatazama maji.

"Mumeo akiwa hai."

Mama Mikate akasimama. Maji yalimfika kiunoni.

"Ulikuwa umemshika mume wangu kichwa, huku unanitazama mimi?"

"Nilimtazama yeye. Wembe hautaki masihara. Lakini nilikuwa nasikia unavyomsemesha ukimlisha uji, kama mtu anayembembeleza mgeni asiondoke. Nikawa naingoja Jumatatu. Nilipojishtukia, aibu ikanijaa."

"Hukusema neno."

"Ningesema nini, na mwenyewe yuko kitandani? Alipofariki niliogopa watu watasema nilikuwa nangoja afe. Ndiyo maana nikahama."

"Nilidhani tumekukosea. Siku moja ulipita njiani, hata salamu hukunipa."

"Nilikuona. Nikajificha nyuma ya lori la maji."

Mama Mikate alitoka majini, akajifunga taulo, akakaa kwenye kiti cha plastiki kivulini. Chumvi ilimkaukia mikononi ikawa nyeupe. Alitafuta hasira moyoni, akakuta mahali pake pana huzuni, na chini ya huzuni kitu laini asichotaka kukitaja.

Simu ikalia. Ujumbe wa mwanawe: "Mama umefika hospitali? Daktari kasemaje kuhusu goti?"

Akampigia.

"Mwanangu, sipo hospitali. Nilikudanganya. Nipo ziwani."

"Ziwani? Na nani?"

"Na kinyozi. Yule aliyekuwa akimnyoa baba yako."

"Mama, una miaka hamsini na minne."

"Naijua. Niliiishi mwenyewe."

"Watu watasemaje?"

"Watasema. Wakichoka watakuja kununua mkate."

Mwanawe akashusha pumzi. "Baba alikuwa akimsubiri sana yule bwana. Siku akinyolewa ndipo anakubali kula."

"Nakumbuka."

"Jumamosi nakuja. Nataka anieleze mwenyewe."

"Njoo, baba. Karibu sana."

Aliweka simu, akarudi majini polepole. Kinyozi alikuwa amesimama palepale alipomwacha, macho mekundu.

"Umelia?"

"Chumvi imeniingia."

"Jumamosi mwanangu anakuja. Mwambie ulichoniambia mimi. Usipunguze."

"Nitamwambia. Na mimi, jibu langu?"

Mama Mikate alitazama mvuke ukipanda, ukipotea.

"Ulipohama, wiki nzima nilikuwa nakipita kile kibanda ulichokifunga. Najidai natafuta sabuni, na sabuni nyumbani imejaa. Nilijiambia ni majonzi ya marehemu tu."

Kinyozi akamsogelea.

"Sikukwambia, kwa sababu na mimi nilikuwa na aibu yangu," akaendelea. "Sasa nimeichoka. Nimekubali. Nioe."

Kinyozi aliinamisha kichwa, mabega yakamtetemeka. Safari hii hakuisingizia chumvi.